Mguu Ndani ya Eda

Mwatumu alikuwa katika mwezi wa pili wa eda. Dirisha la chumba halikufunguliwa, na pazia la mlango halikupandishwa ila kwa wanawake. Wifi yake Semeni, dada wa marehemu, alihamia na godoro lake tangu msibani akajiweka ukumbini, na kuanzia hapo halikuingia wala kutoka jambo asilolijua.

"Mjane hatembeitembei," Semeni alimwambia. "Watu watasema anachungulia mume mwingine."

Basi Mwatumu akakaa. Alikaa mkekani amekunja miguu kutwa nzima, akiinuka kwa udhu, sala na haja tu. Wanawake wa mtaa wao wa Ngamiani waliokuja kumpa pole wakasifu: hiyo ndiyo eda! Na sifa zile zilimwingia. Alitaka ile miezi minne na siku kumi imalizike pasipatikane mdomo wa kulitia doa jina la marehemu Nasri.

Ndipo mguu wa kushoto ulipoanza kumuuma, kwenye shavu la mguu. Ukavimba peke yake, mwenzake mzima. Ngozi ikang'aa, na ukiweka kiganja unasikia joto.

"Mshipa huo umepanda," akasema Semeni. "Kesho namwita Bi Mboni aje akuchue. Mkono wake ule, hata punda aliyelala atasimama."

Alasiri ile akaingia Benedikta, jirani yao Mbondei, na bakuli la mhogo wa nazi. Alipouona mguu alilitua bakuli chini.

"Shoga, mguu huu usichuliwe."

"Udaktari umeupata lini, Mama Asheri?" Semeni akamkata. "Nyie Wabondei si tunawajua kwa machungwa tu?"

"Udaktari sina, ila ugonjwa huu niliupata. Nilipozaa kwa kupasuliwa nililala kitandani siinuki, mguu ukafanya hivi hivi. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Daktari aliniambia donge lile likichomoka hupanda na damu, likapita moyoni, likaenda kuziba mapafu. Ukilichua, unalisukuma mwenyewe."

"Na dawa yake?" akauliza Mwatumu.

"Ipo. Sindano, kisha vidonge vya miezi, damu isizidi kuganda. Donge lenyewe mwili hulila polepole. Lakini uende leo."

"Aende wapi, na eda?" Semeni alisimama.

"Kwani sheria imemkataza mgonjwa kutibiwa?"

"Sheria haikukataza. Mtaa ndio unaokataza! Mama yetu alitoka edani kwenda kung'oa jino. Kafa, kazikwa, na mpaka leo sisi tunaitwa watoto wa mwenye jino."

Benedikta akamtazama Mwatumu, naye Mwatumu akainama. Hofu alikuwa nayo, lakini fahari nayo ilikuwa imemkalia kifuani. Akasema, "Tuone kesho."

Kesho yake asubuhi Bi Mboni alikuja na chupa ya mafuta, akakunja mikono ya gauni. Mwatumu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutawadha. Alipotaka kukaa, kitu kikamchoma ubavuni. Akavuta pumzi, kikamchoma tena. Akajaribu kuvuta ndogo, haikutosha. Moyo ukaanza kumwenda mbio kama mtu aliyepanda mlima. Kile chumba alichokwisha kukizoea akakiona hakina hewa, na kuta zake zimesogea.

Bi Mboni akanyoosha mkono kwenye mguu.

"Usiniguse!" Mwatumu aliushika ukuta, akaelekea mlangoni. Semeni alikuwa amesimama palepale, mikono kwenye miimo.

"Wifi, utatuaibisha."

"Nipishe."

"Ngoja basi hata jioni, watu wapungue barazani."

"Semeni." Maneno yalimtoka moja moja. "Nikitoka kwa miguu yangu, watasema. Nikitoka kwa jeneza... utawaambia nini?"

Semeni alimtazama midomo ilivyobadilika rangi, na jasho lilivyomtoka na bado ni asubuhi. Mikono ikashuka. Akavua baibui lake, akamfunika mjane gubigubi, akatangulia nje akipiga kelele: "Wanaume, geukieni ukutani! Nasema geukeni, mgonjwa anapita! Wewe wa bajaji, usinitolee macho, washa!"

Na wazee wa barazani, na vikombe vyao vya kahawa mkononi, wakageuka kweli.

Hospitali walimpima, wakalikuta donge mguuni, na kipande chake kimeshafika kwenye pafu. Wakampa oksijeni, wakamchoma sindano tumboni. Daktari, binti mdogo, alisema kipande ni kidogo, na kama mguu ungechuliwa huenda wasingekuwa wanazungumza. Vidonge atameza kwa miezi, hata baada ya eda, na akiruhusiwa asikae tena kutwa nzima mahali pamoja.

Mwatumu akalala amegeukia ukuta wa wodi. Nyuma yake alimsikia Semeni akipiga simu mtaani, nyumba kwa nyumba, kabla mtaa haujaanza kusema.

"Nani amtoe? Mimi! Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimwambia mapema, wifi, mguu huo si wa kuchezea, yeye akawa mbishi!"

Mwatumu alitaka kucheka, ubavu ukamkataza.