Jicho la Sato

"Jicho hili ni zima," alisema Nyanjige, akimwinamia mwanawe kwenye benchi la kliniki ya Bariadi. "Samaki mwenye jicho kama hili mimi sishushi bei."

Nesi Jenipha akacheka. Alimfahamu muuza samaki huyu wa Lamadi tangu Masele alipozaliwa njiti, mapafu hayajakomaa, hata kulia hawezi. Aliishi kwa oksijeni. Kila alipoona mbavu za mwanawe zinazama, Nyanjige alisihi, "Mwongezeeni hewa, dada." Jenipha alikuwa akikataa. Hewa ile ile iliyomwokoa, ikizidi, ingeweza kuvuruga mishipa midogo nyuma ya macho yake.

"Mayu, wewe unaliona jicho kwa mbele," alisema Jenipha, akimwita mama kwa Kisukuma. "Daktari anaangalia nyuma. Mara iliyopita mishipa ilikuwa haijakua ikafika mwisho wa jicho. Leo ikionekana imepinda, anakwenda Mwanza kutibiwa haraka, asije akapofuka."

Nyanjige akamvuta mwanawe kifuani. Mwanamke anayegombana na wavuvi wa mwalo mzima kwa ndoo moja ya dagaa, leo aliogopa. Ndiyo ukweli wenyewe.

Mtoto akatiwa matone. Daktari akavaa taa yake kichwani, akamfungua kope. Loo, Masele alilia! Alilia mpaka foleni ya nje ikageuza shingo, na mama yake, pamoja na hofu yote ile, akajikuta anatabasamu. Kifua kilichokuwa kikiombewa hewa sasa kilikuwa nayo ya kugawa.

"Mishipa imefika mwisho," daktari akasema. "Imetulia vizuri. Kauze samaki, mama."

"Hebu rudia, daktari."

"Imetulia vizuri. Ataona."

Nyanjige akapiga kigelegele mle mle ndani. Jenipha, ambaye kazi yake ilikuwa kumnyamazisha, akakipokea.

Siku ya soko, Masele alikuwa amelazwa juu ya kitenge kando ya meza ya mama yake pale Lamadi. Mteja akachagua sato mkubwa. Nyanjige akamwinua kwa mkia, magamba yakameta juani, na macho ya mtoto yakamwendea samaki. Nyanjige akasogeza mkono kushoto. Macho yakafuata. Akausogeza kulia.

"Mayu, unauza au huuzi?" mteja akauliza.

"Subira yavuta heri, baba," akajibu, na sato akarudi tena kushoto, polepole.