Jedwali la Mashamba Tisa

Makala yangu kuhusu virusi vya muhogo ilikuwa imenukuliwa mara mia moja arobaini na tatu. Niliangalia hesabu hiyo kila asubuhi kabla ya chai, wala sioni haya kusema. Mtoto wa muuza vitenge wa Butembo, leo ananukuliwa Brazili na Uhindi! Makala hiyo ndiyo iliyobeba dosiye yangu ya kuomba uprofesa, maana zile nyingine tano, hata ukizijumlisha, hazikufika nukuu kumi. Tume ya chuo ilikuwa ikutane Goma siku ya Ijumaa.

Jumanne saa sita mchana Papa Gustave akanipigia kutoka Kingi. Ndiye aliyenitembeza msituni mwaka 2012, miaka mitatu nyuma, nikikusanya majani kwenye mashamba tisa ambayo watu wa Masisi walikuwa wameyaficha kuelekea Walikale, baada ya vijiji vyao kuchomwa. Alikuwa akihema. Watu wenye bunduki, aliniambia, walifika shamba la kwanza Jumapili, la pili Jumatatu, la tatu asubuhi ile. Waling'oa mihogo yote na kuwachukua wanaume wabebe mizigo. Mama mmoja aliyesoma aliwaona na simu, na karatasi yenye picha za majani, orodha ya namba, na jina langu juu.

“Mama Docteur, bale batu banafuata namba,” alisema. “Ya ine njo ya nani?”

Karatasi hiyo ilikuwa makala yangu. Mhakiki mmoja wa jarida, huko aliko, aliwahi kuandika kwamba sijaonyesha vizuri mahali nilipochukua majani. Nami kwa tamaa ya kuchapishwa nikampa jedwali lenye vipimo vya ramani vinavyomfikisha mtu mlangoni mwa kila kibanda. Majina niliyaficha, nikaweka namba, nikajiona mwerevu. Tena nilihangaika sana ili makala isomwe bure na yeyote duniani. Haya, yeyote alikuwa ameisoma.

Nikafungua daftari langu la msituni kuitafuta hiyo ya nne. Namba nne ilikuwa ya Sidonie, binti wa Papa Gustave mwenyewe, aliyekuwa akiishi humo shambani na mapacha wachanga.

Nilipomwambia, akataka na majina ya zile zilizobaki. Nikamsomea majina, naye akayarudia moja moja. Huko msituni simu hazishiki, na kutoka Kingi ni mwendo wa saa tano kwa miguu. Akakata.

Nikamwandikia mhariri wa jarida aliondoe jedwali siku hiyo hiyo. Alijibu kwa adabu zake zote kwamba jedwali peke yake haliondolewi: ama makala ibaki ilivyo, ama iondolewe yote. Nilijua karatasi iliyokwisha kuchapwa hairudi. Lakini msitu ule ulikuwa na makundi mengine ambayo yalikuwa hayajaisoma makala, nayo yalikuwa na simu. Nilimtukana mhariri yule kwa Kinande cha kwetu, peke yangu ofisini, kisha nikalia. Kusema kweli nililia kwa ajili ya zile nukuu mia moja arobaini na tatu, na wakati huo baba wa watu alikuwa anakimbia mlimani. Hilo linaniuma hadi leo. Nikapangusa macho nikaandika: iondoeni yote.

Jumatano haikuja habari. Alhamisi nilipiga simu mara ishirini, haipatikani. Ijumaa tume ilifungua dosiye yangu, ikakuta makala iliyokuwa nguzo yake imeondolewa jaridani. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wenzake kama nilibuni matokeo. Kumjibu kungekuwa kuyataja mashamba, kwa hiyo nikakusanya karatasi zangu, na dosiye ikafungwa.

Jioni Papa Gustave akapiga. Alimkuta Sidonie kabla jua halijazama, wakaondoka na mapacha na mzigo wa vijiti vya muhogo vya kupanda. Kesho yake wale watu walikuta kibanda kitupu. Wenye mashamba mengine matano nao walikwisha kuhama. Nilicheka kwa sauti, nikamshukuru Mungu, nikamuuliza wamehamia wapi.

“Iko pahali,” akasema kwa upole. “Ile pahali haiko na namba, Mama Docteur.”

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umekwisha kushika kalamu juu ya daftari la msituni.