Herufi Kando ya Mashine

Damu yake ilikuwa ikizunguka nje ya mwili, ndani ya mrija mwembamba, na Mwalimu alikwisha kuchoka hata kuitazama. Mara tatu kwa wiki, kwa saa nne nzima, mashine ilifanya kazi iliyozishinda figo zake. Alipostaafu alikuwa na mipango chungu nzima. Sasa ulibaki mmoja tu, kufumba macho mpaka muuguzi aje kumchomoa.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwashi, mtu wa makamo mwenye viganja vigumu kama gome la mti, asiyejua kunyamaza.

"Mwalimu, umelala?"

"Nimelala."

"Basi nisikilize hivyo hivyo. Nifundishe kusoma."

Mwalimu alifumbua jicho moja. "Kwa hali hii? Ndugu yangu, sisi ni watu wa kuhesabu siku."

"Hesabu wewe. Mimi nimejenga kuta maisha yangu yote, lakini ujumbe wa binti yangu nasomewa na kaka yangu. Kila ukiingia ananiambia, 'Anakusalimu.' Miaka miwili, salamu tu!"

Mwalimu hakuwa na nguvu za kubishana. Akaanza na irabu, shingo upande. Kuna siku baridi iliwatetemesha wote wawili wakaishia herufi moja. Siku nyingine mwashi alikosea neno lile lile mara kumi, Mwalimu akamfokea, kisha akashtuka: ile ilikuwa sauti yake ya darasani. Uchovu haukumtoka. Ila jioni ile mkewe alimkuta mezani akikata maboksi na kuandika silabi kwenye vipande.

Asubuhi moja mwashi aliinua simu kwa mkono usio na sindano, akasoma akijikokota: "Ba-ba. Ba-do... ni-na... ha-si-ra... na we-we."

Mwalimu alitamani asingemfundisha.

"Kumbe kaka alikuwa ananifichia," mwashi alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini huyu sasa ndiye mwanangu. Hivi ndivyo anavyosema." Akausoma tena, safari hii bila kukwama. Kisha akageuza kichwa. "Mwalimu, 'nisamehe' inaanzaje?"

"Na *ni*," alijibu Mwalimu. "Ile ya kwenye 'nina.' Taratibu."

Kidole gumba, kinene mno kwa vitufe vile, kilibonyeza, kikafuta, kikabonyeza tena.