Pumzi ya Kuazima

Siku hiyo mjinga alikuwa Duane Kowalke, na mwenyewe hakatai. Alikuwa amekamatwa mara ya pili akiendesha amelewa, na hakimu wa jimbo la Wisconsin, Marekani, akaamuru gari lake lifungwe kifaa cha kupuliza. Ukipuliza pumzi yenye pombe, gari haliwaki na mahakama inapata habari. Duane alilijua hilo vizuri, na bado Ijumaa aliteremsha samaki wa kukaanga kwa glasi saba za brandi.

Jumamosi asubuhi theluji ilifika magotini, na kiwanda cha karatasi kilishamwonya kwamba akichelewa tena, kazi hana. Akamfuata mkewe, Lorna, jikoni.

“Njoo unipulizie mara moja tu, mama. Hata mshumaa wa keki una kazi kuliko hii.”

“Kile kidude kina kamera, Duane. Unataka sura yangu ifike kwa hakimu?”

“Jifunge skafu.”

“Nijifunge skafu kama mwizi, ili mlevi aendeshe?”

“Mlevi wa jana huyo. Leo naumwa kichwa tu.”

“Basi puliza mwenyewe, bwana kichwa.”

Duane alipoona amebanwa, akakimbilia dini. “Lorna, mchungaji alitamka mbele ya ukoo wako wote kwamba mume na mke ni mwili mmoja.”

Lorna akamsukumia viatu vya theluji kwa mguu.

“Mwili mmoja, sawa. Basi ile sehemu iliyokunywa jana ndiyo itakayokwenda kwa miguu.”