Kiti Kilichomzidi Babu Urefu

Kiti kilikuwa kizuri, hilo Bibi Evelina hakulikataa. Seremala wa Sengerema alikipiga randa mpaka kikateleza, akakitia mkanda wa kiunoni, kimeza cha mbele na kibao cha kukanyagia miguu. Kiti cha namna ile hata mwenyekiti wa kijiji hana. Ndiyo maana kuku wa Bibi Evelina, ambaye tangu zamani alikuwa na jicho la kuchagua, alikipenda akatagia humo. Siku Kokulinda alipofika kutoka Mwanza alimkuta anaatamia, amejitanua kama mke mkubwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kivuko?"

"Nzuri. Bibi, kile kiti ni cha nani?"

"Cha Mihayo."

"Na yule aliyekikalia?"

Bibi Evelina akamtazama kuku kana kwamba naye ndiyo kwanza anamwona. "Yule ni mgeni. Akiangua ataondoka."

Kokulinda akashusha begi, akafumba macho kidogo, akayafumbua. Kuku bado yupo.

Alikuwa binti wa Kihaya, mtaalamu wa tiba kwa vitendo mjini, kazi ambayo kijijini pale, karibu na Kamanga, watu walishindwa kuielewa. Sindano hana, dawa hana, anafundisha watoto kushika kijiko na kuvaa shati. Bibi Evelina alishafundisha watoto saba mambo hayo na hakuna aliyemwita mtaalamu. Lakini wale saba hawakuwa Mihayo.

Mihayo, mjukuu wake wa miaka sita, alikuwa na mtindio wa ubongo. Mwili wake ulikakamaa pale ulipotakiwa kulegea, na shingo ikalegea pale ilipotakiwa kukaza. Maneno hayakutoka, ila kucheka alicheka, hasa mtu akijikwaa. Mama yake aliishi mjini Mwanza, mtaa wa Nyakato, anafanya kazi kiwandani, kwa hiyo kulisha ilikuwa kazi ya bibi. Bibi alimlaza mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, akamwekea chakula mdomoni, na chakula mara kwa mara kikakosea njia kikaenda mapafuni. Mara ya mwisho walipolazwa, daktari alisema wazi kwamba mtoto akirudi tena na kifua kile, atalishwa kwa mpira wa kupitia puani. Bibi Evelina alikuwa ameuona mpira huo kwa mtoto wa kitanda cha pili. Tangu hapo hakuutoa moyoni. Alitaka Mihayo ale kwa mdomo, kutoka kwenye chungu chake yeye.

"Sasa kama unataka ale kwa mdomo, kwa nini humkalishi?" Kokulinda akauliza.

"Muulize yule," akasema Bibi, akionyesha kwa kidevu.

Yule alikuwa Mzee Shimba, mumewe, aliyekuwa kando anasokota kamba na kujifanya haisikii dunia. Nyumbani kwao watu walikula uani, mkekani, wamezunguka sahani moja. Siku ya kwanza Mihayo alipokalishwa kitini pembeni ya mkeka, kichwa chake kilipita juu ya kichwa cha babu yake. Mzee Shimba aliinua macho, akayashusha, akabeba bakuli lake akaenda kula nyuma ya nyumba. Naye Mihayo, ambaye tangu ameanza kula alikula akimtazama babu, akafunga mdomo kama mfuniko. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Huyu amenuna nyuma ya nyumba, huyu amenuna kitini, na Bibi Evelina yuko katikati na samaki wake sato anapoa. Mwishowe akamrudisha mtoto mapajani. Kuku naye hakungoja kukaribishwa.

"Basi Babu naye akae kwenye kiti," akasema Kokulinda. "Wote wawe juu."

"Chakula hakipandi juu," Mzee Shimba akaiambia kamba yake. "Sisi ndio tunaoshuka kwenye chakula. Au kwenu Bukoba mtoto humwangalia babu yake utosini?"

Kokulinda alilijua jibu. Kwao babu alikuwa na kigoda chake, na siku aliyokikalia yeye akiwa mdogo hakuisahau.

"Tukikate miguu hicho kiti, tumalize," akasema Bibi.

"Hapana, Bibi. Miguu ya mtoto ikinyooka, makalio yanateleza mbele, kichwa kinaanguka nyuma, tumerudi mapajani. Magoti lazima yakunjike, nyayo zikanyage. Jaribu mwenyewe. Angalia juu kabisa, umeze maji."

"Mimi shingo yangu mbovu," akasema Bibi haraka, akimgeukia mumewe. "Mpe Baba Chenge. Yeye ni mwanaume."

"Maji tu?" Mzee Shimba akacheka kwa dharau. Akapokea kikombe, akatupa kichwa nyuma mpaka kofia ikaanguka, akamimina.

Maji yalirudi kwa kupitia puani. Mzee alikohoa, akapiga kifua, macho yakamtoka, na Bibi Evelina akachukua muda wake kabla ya kumgonga mgongoni. Mihayo, juu ya mkeka, alicheka mpaka mwili mzima ukacheza.

Mzee alipopata pumzi, hakumkemea. Alimtazama. "Ndivyo anavyokula huyu?"

"Kila siku."

"Na hamkuniambia."

"Tungekuambia ukiwa wapi, Baba Chenge? Nyuma ya nyumba?"

Mzee Shimba akajipangusa pua. "Basi akae kitini. Mimi nitaendelea kula kule."

"Bila wewe hafungui mdomo."

"Sasa mnataka nife kwa aibu?"

Kokulinda akaanza tena, kwa sauti ya mtu anayehesabu pumzi zake, kueleza namna ya kumwinua Babu kwa mito na matofali. Bibi Evelina hakungoja amalize. Alichoka na mtaalamu, alichoka na mume, alimchoka hata kuku. Akaingia ndani, akatoka na jembe, akaviringisha upande mmoja wa mkeka na kuanza kuchimba uani, mbele ya macho ya kila mtu.

"Unachimba nini, Mama Chenge?"

"Kaburi la heshima yako. Naizika pamoja na miguu ya kiti."

Kokulinda alifungua mdomo kumzuia, kisha akaelewa, akaufunga. Akakunja suruali, akapiga magoti, akawa anapima kwa kiganja toka kwenye kiti hadi kibao cha miguu. "Ongeza huku, Bibi. Hapana, umezidisha, rudisha. Nimesema rudisha." Akachota udongo kwa karai, akimnung'unikia Mungu kwa Kihaya. "Na mvua ikinyesha?"

"Tutakula ndani. Nako linaingia jembe."

Kuku alihamishiwa kikapuni na mayai yake, baada ya kumdonoa Kokulinda vidole viwili. Kiti kikashushwa shimoni mpaka sehemu ya kukalia ikalingana na ardhi. Mihayo akafungwa mkanda, nyayo zikapata kibao, viwiko vikapata meza. Sahani ikaletwa.

Mzee Shimba alikuja polepole, akakaa mkekani, akapima kwa macho. Alimzidi mtoto kidogo tu, kama upana wa kofia. Akanawa mikono.

Mihayo akamtazama, akafungua mdomo.

Bibi akamtilia kitonge laini kilichochovywa mchuzi. Kokulinda akamshika kidevu kwa vidole viwili, kisiinuke. Wote watatu wakasikilizia kikohozi. Koo la mtoto likapanda, likashuka. Kikohozi hakikuja. Cha pili kikapita. Cha tatu Mihayo akakikataa, akageuza uso kwa babu.

"Anataka mkono wako," akasema Bibi.

"Mimi sijui kulisha."

"Utajua leo."

Mzee Shimba akafinyanga kitonge cha kumtosha mchunga ng'ombe.

"Kidogo, Babu," akasema Kokulinda.

Akapunguza.

"Bado."

"Sasa hiki nalisha mtoto au kifaranga?" Lakini akapunguza tena, akanyoosha mkono. Mihayo akameza, akapanua mdomo kuomba kingine.

Bibi Evelina, aliyefukuzwa kazi bila taarifa, akajivutia sahani. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto aletwe, akala ugali wake ukiwa bado unatoa mvuke, akalalamika kwamba mchuzi umezidi chumvi, ingawa aliyeupika ni yeye.