Soko Lililosingiziwa Kirusi

Tangu Eliakimu awekewe figo ya mdogo wake Caroline, dada huyo alikuwa na kazi mbili Kariakoo: kuuza vyombo katika duka la jumla la kaka yake Mtaa wa Kongo, na kumlinda kaka mwenyewe. Hiyo ya pili aliifanya kwa ukali ambao askari wa bandarini angeuonea wivu.

Novemba, miezi saba baada ya upasuaji, vipimo vilionyesha kirusi kwenye damu ya Eliakimu. Alirudi kutoka kliniki, akakaa juu ya boksi la chupa za chai.

"Nimekiokota hapa hapa sokoni," alisema. "Watu wengi mno."

Akaeleza kwamba daktari amempunguzia dawa za kushusha kinga ili mwili upambane na kirusi. Zikipungua mno, mwili unaweza kuikataa figo; zikibaki nyingi, kirusi kitaila. Kwa hiyo apimwe damu kila wiki mbili, na asisafiri mbali.

Kesho yake Caroline aliweka meza mlangoni, ndoo ya maji na sabuni juu yake. Mteja akimnyooshea mkono Eliakimu, ambaye sokoni wote walimwita Mangi kama Wachaga wengine wenye maduka, Caroline anaudaka njiani.

"Mangi siku hizi anaringa," alinung'unika mzee Mwinyimvua, mteja wao wa miaka mingi.

"Shikamoo baba. Anaringa na figo yangu, mwache aringe."

Mzee alicheka mpaka akaongeza dazeni mbili za masufuria.

Desemba Wachaga wakafunga maduka, wakapanda kwao Kilimanjaro. Caroline hakuwahi kukosa Krismasi kwa mama yao Rombo, lakini mwaka huo alibaki mjini, akapika ndizi kwa watu wawili. Alipompakulia kaka yake, Eliakimu alishindwa kumtazama usoni. Caroline akadhani ni ugonjwa.

Januari walikwenda kliniki pamoja. Caroline alikuwa ameshakata shauri.

"Daktari, tunafunga duka," alimwambia daktari Nasreen. "Soko litatuulia figo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kirusi hiki hakikutoka sokoni, dada. Wengi wetu tunacho tangu utotoni, kimelala, hakitudhuru. Dawa za kushusha kinga ndizo zinazokiamsha. Huenda kilikuja na figo yenyewe. Nilimweleza kaka yako siku ile ile."

Caroline aligeuka taratibu.

"Ulijua?"

Eliakimu alikuwa anachezea vifungo vya shati. "Nilikuona wodini umejikunja kwa maumivu, mdogo wangu. Unaomba maji, huku unauliza mimi naendeleaje. Nije nikuambie ulichonipa kina kasoro? Afadhali lawama ziende sokoni. Soko limezoea."

Caroline alikasirika kweli. Alikumbuka mikono yote aliyoidaka, na Krismasi ya mama yao. Halafu hasira ikamwishia ghafla, kwa maana aliona kilichokuwa mbele yake: mtu aliyekuwa hajui kama ataiona Pasaka, na bado akawa anahangaika moyo wa dada yake usije ukaumia.

"Kasoro?" alisema. "Figo yangu ina miaka thelathini na minane Bongo. Ulitaka nikupe ya kwenye boksi?"

Daktari Nasreen alicheka, akageuza kompyuta wasome wote. Kirusi kilikuwa kimeshuka sana kuliko Novemba. Figo ilikuwa inafanya kazi vizuri. Wataendelea kupima, alisema, hawajamaliza, lakini wako njiani.

Nje, kwenye benchi la korido, Eliakimu alikaa kichwa chini akingoja kugombezwa. Caroline alikaa karibu naye, bega kwa bega, akampigia mama yao simu.

"Mama," alisema, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, "umezaa mwongo mkubwa. Sijaona kaka kama huyu."