Kijiko Kwenye Msumari

Shemeji yangu, mume wa dada, alitaka kuipoza dunia kwa kijiko. Usicheke. Aliamini kwamba ukinyunyiza vumbi la chuma baharini, mwani utastawi, utameza hewa chafu inayotuchemsha, kisha utakufa na kuzama nayo hadi chini kabisa, isikosumbua mtu. Miaka yote ya ndoa yao dada alimjibu kwa swali lilelile: "Na huo mwani ukioza, samaki watapumua nini?"

Wote wawili ni watafiti wa maabara moja, na mimi ndiye mtunza matanki. Kwa hiyo ugomvi wao niliupata kazini, nikaukuta tena nyumbani umepashwa moto.

Tanki la majaribio lilikaa kando ya dirisha, lina maji ya bahari, mwani na kamba wachache. Juu yake, kwenye msumari, kilining'inia kijiko cha vumbi. Sharti lilikuwa kijiko kimoja tu mwanzoni, basi. Kamati ikija ikakuta maji ya kijani na kamba wazima, Shemeji angepewa kibali cha kunyunyiza ghuba nzima. La sivyo, ndoto ya maisha yake ingeishia hapo.

Siku ya kamati nilifungua mlango, harufu ikanipokea kabla ya salamu. Maji yalikuwa mazito kama uji, kamba wamelala chali.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani shingoni, alichungulia.

"Kijiko kimoja ndicho kimefanya haya?"

Shemeji alikohoa. "Kimoja, na kingine juzi. Niliona mwani umepauka."

Dada akamgeukia. "Na mimi nilitia jana asubuhi."

"Wewe? Si unapinga?"

"Napinga, baba watoto. Lakini chakula kilikuwa hakikupiti. Nikasema nikusaidie, kidogo tu."

Nilimhurumia, na kicheko kikanipanda hapohapo, nikajifanya nafuta dirisha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila sikujua kwamba yanaua kamba.

Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua.

"Jana jioni nilipita kukagua, sikumkuta mtu," alisema taratibu. "Nami nikatia. Wajukuu zangu wanateseka na joto, nilitamani jambo hili lifaulu."

Akautazama mlango.

"Chumba hiki kina kufuli," akaendelea, "na bado mikono yetu imeingia. Bahari haina mlango. Huko itaingia mingapi?"

"Na kibali?" Shemeji aliuliza, kwa sauti iliyoniuma.

"Tutazungumza tukishajua nani atamzuia nani." Akakitungua kijiko msumarini, akakitia mkobani.

Jioni nyumbani nilimkuta Shemeji anavuta droo za jikoni, moja baada ya nyingine. Dada alikuwa mezani, anakula kwa mkono, wala hana habari.

"Mama watoto, vijiko viko wapi?"

"Nimevificha," alisema dada. "Nawa, uje ule."